Siku Isiyo ya Mazoezi

Mwenye nyumba aliingia ukumbini na fundi mwenye spana.

"Ng'oa nguzo zote. Wanawake wazima kuparamia vyuma! Mtaa mzima unanicheka."

Rukia, mwalimu wa mazoezi ya kupanda nguzo, aliparamia nguzo ya katikati mpaka darini.

"Haya, ing'oe nami nikiwa juu."

Fundi akasita. Lakini siku hiyo hapakuwa na mazoezi, na Rukia alikuwa amejipaka mafuta ya nazi mwili mzima. Akaanza kuteleza taratibu, ameuma meno.

"Ngoja tu," mwenye nyumba akacheka. "Anashuka mwenyewe."

Mama Tatu, jirani aliyevutwa na kelele na mwanafunzi wa Rukia mnene kuliko wote, akakaza kanga kiunoni, akachuchumaa chini ya nguzo.

"Nikanyage mabegani, mwalimu," akasema, akaanza kuinuka.