Kipaza Sauti Kisichopitisha Uongo

Siku hizi kipaza sauti cha kanisani kwetu hakipitishi neno ambalo msemaji mwenyewe haliamini. Mahubiri yalipobaki midomo mitupu, vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mjukuu wangu Ndeshi alibaki kwa ajili yangu tu.

“Babu, leo nikiona tena bubu madhabahuni, usiniamshe Jumapili ijayo.”

Basi nikakinyakua kipaza sauti, wazee wenzangu wakinivuta koti. “Tangu nimzike bibi yenu, nasali huku nina mashaka!”

Sauti ikanguruma hadi sokoni. Vijana wakaja mbio, wakajaza mabenchi, wakaninyanyua kama bwana harusi. “Babu kiboko!”

Mchungaji akakipokea kipaza sauti, akatabasamu. Tukaiona midomo yake ikisema, “Bwana asifiwe.”

Ndeshi akaacha kupiga makofi.