Mlinzi wa Valvu

Libérat alikataa kiti. Aliketi juu ya kulasi yake, kile kichwa cha chuma cha injini, akatangaza kwamba haondoki kwenye karakana hiyo ya Kimanga bila hiyo kulasi.

Mkewe Generose alikuwa amemwonya. Sokoni, mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimnong'oneza Generose kwamba mafundi wa siku hizi wana mkono mrefu: unawapelekea valvu nzima, wanakurudishia mikweche. Na kamio yenye injini hiyo, lori lao la kubeba mpunga kutoka Luvungi, ndiyo iliyoilisha nyumba yao. Ikifa, wamekwisha.

Fundi Pontien hakukasirika. Alimsalimu kwa kiwiko cha kushoto, akisingizia grisi. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa ovaroli, na Libérat akaukodolea macho mfuko huo. Kumbe ndimo valvu za watu zinamopotelea!

"Kama hauniamini, papa, saga weye mwenyewe," Pontien akasema. "Kila supapu ipite mu mikono yako."

Libérat nusura acheke. Mwizi kajifungia mlango mwenyewe. Akaelekezwa namna ya kupaka valvu, hizo supapu, uji wa kusagia, kuinasa kwa kijiti chenye kikombe cha mpira, kisha kukizungusha kijiti kati ya viganja, kama anayepekecha moto, mpaka valvu ikae sawasawa kwenye kitako chake.

Akapekecha. Jua lilipanda, likaanza kushuka, naye anapekecha. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Pontien alikuja kuchungulia, akasema bado, akarudi kwenye chai yake. Libérat hakulalamika, maana mali bila daftari huisha bila habari, na yeye daftari lake lilikuwa macho yake. Kila alipopumzika aliutazama ule mfuko. Mkono haukutoka.

Mwishowe walimwaga petroli juu ya valvu zilizofungwa. Haikuvuja hata tone. Libérat akalipa ufundi wote bila kuomba apunguziwe, akaikumbatia kulasi yake na kutoka nayo.

Nje alimkuta Generose amekuja na mkokoteni. Akamsimulia kwa majivuno jinsi alivyomlinda mwizi kutwa nzima, hata akakosa pa kupenyezea kidole. Generose alikuwa anatazama ndani ya karakana.

Pontien alikuwa ameketi kula. Mkono wa kulia sasa ulikuwa nje, umelala juu ya paja, umekauka, hausogei. Mwanamke mmoja alikuwa akimega ugali wa bukari, anachovya kwenye mchuzi, anamtia mdomoni tonge kwa tonge, na wote wawili wanacheka.

"Baba Naomie," Generose akamwambia mumewe polepole, "ule bibi yake njo ule mama ya ndagala, ule alinionya juu ya mafundi."