Amri kwa Meja

Hatamu ya kushoto ilikatika mbele ya umati wa gwaride, ngoma zikiwa zimepamba moto.

Koplo Tamsin aliisikia ikimwachia mguu, nyepesi kama uzi. Tangu enzi za mababu wa kikosi, farasi abebaye ngoma kubwa za gwaride huongozwa kwa hatamu zilizofungwa miguuni mwa mpigaji, maana mikono yote miwili imeshika mikwiro ya kupigia. Na mikwiro ikinyamaza, wapanda farasi wote nyuma yake wanapoteza mwendo, hapo hapo katikati ya London.

Mbele kidogo ilibidi wapinde kushoto. Wasipopinda, wangeingia moja kwa moja kwenye viti vya wageni.

Asubuhi, akimsaidia kupanda, sajini alikuwa amemtania: "Bibie, huyu farasi ana cheo cha meja, na wewe ni koplo tu. Mkiharibu leo, atakayeshtakiwa unamjua."

"Namjua, Afande. Ndiyo maana nimempa meja karoti."

Sasa moyo ulimdunda kuliko ngoma, lakini mikono haikuacha kupiga. Mbele yake ilikuwa shingo pana ya farasi yenye madoa, na sikio moja lililolala kwa joto. Wageni wa mstari wa kwanza walianza kuvuta miguu yao ndani.

Koplo hamwamuru meja. Tamsin akainama juu ya ngoma, bila kukosa pigo hata moja, akasema kwa adabu zote:

"Meja, tafadhali. Kushoto."

Sikio likasimama, likamgeukia; kisha shingo pana ikapinda kushoto.