Sultani Potelea

"Mwanangu, Potelea hakuwa sultani," Bi Shuwena alisema kwa mara ya tatu.

"Mama, imeandikwa," alijibu Sefu, mtembeza wageni, akionyesha herufi za dhahabu chini ya kuba la kituo cha treni cha chini ya ardhi. "Ndiye mwanzilishi wa mji, na kituo kikapewa jina lake."

Bi Shuwena alishusha pumzi. Miaka arobaini nyuma, mpima ardhi alikuja kuchomeka vigingi kando ya kisima chake bila hata hodi, akauliza hapa panaitwaje. Akamjibu, ndoo mkononi: "Potelea mbali." Bwana yule akaandika. Kisima kikafukiwa, kituo kikachimbwa, na tusi lake likapakwa dhahabu.

"Na nguzo hii," Sefu aliendelea, "mafundi wameiziba mara kumi na moja, bado inavuja. Hakuna anayejua maji yanatoka wapi."

Wageni wakapiga picha. Bi Shuwena aliisogelea nguzo. Akatoa kikombe cha bati mkobani, akakikinga penye matone, akasimama kusubiri kijae.