Mkwaruzo wa Mlango wa Kushoto

Mbwa wa karakana alibwekea kila gari lililoingia getini. La kinyozi hakulibwekea. Alinusa tairi, akatikisa mkia, akajilaza kivulini mwake kama aliyefika kwake.

"Ana upendo huyu," kinyozi alisema, akijilazimisha kucheka.

"Huyo? Juzi kararua suruali ya mtu wa umeme," fundi alijibu. Macho yake tayari yalikuwa kwenye mlango wa kushoto.

Hapo ndipo lilipokuwa balaa lenyewe: mkwaruzo wa urefu wa mkono, umekata rangi nyeusi kama chaki ubaoni. Asubuhi hiyo kinyozi alikuwa akitoka nyumbani, anapiga mluzi, nguzo ya geti ikamwambia krrrr, na mluzi ukafia mdomoni.

Mkwaruzo hauui mtu. Lakini yeye na mkewe, nesi wa hospitali, waliwekeana ahadi siku walipolinunua gari hilo, miezi mitano nyuma: wa kwanza kulikwaruza anakabidhi funguo na kwenda kwa miguu mpaka mwaka uishe. Na nani alileta wazo hilo? Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake mpana. Saluni yake iko juu kabisa mlimani, na magoti yake ndiyo hayo ya kuamka nayo kwa kubembelezana. Kila jioni mkewe hulizunguka gari, mikono mgongoni kama mkaguzi, kisha husema, "Kwa upande wangu, hata unywele haujaligusa."

Saa kumi angetoka kazini. Sasa ilikuwa saa nne.

Ukutani palikuwa na kibao: HATUOSHI MAGARI. TUNAONDOA MIKWARUZO TU. Chini yake dada yake fundi alikuwa mezani, anakunywa chai na kupanga kadi katika kijisanduku cha bati.

"Mimi naitwa..." kinyozi alianza.

"Usilitaje!" yule dada alimkata. "Hapa hatuandiki majina. Tunaandika namba ya gari, basi. Watu wana ndoa zao."

Kinyozi akampenda papo hapo.

Fundi aliosha mlango, akapitisha donge la udongo laini kuokota uchafu ulioganda, akafuta. Mkwaruzo upo. Akapaka dawa, akawasha mashine, ikanguruma weee, akafuta tena. Mkwaruzo ulikuwa umepungua, lakini upo, unamkodolea kinyozi macho. Fundi akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukanasa.

"Ukucha ukinasa, mashine peke yake haitoshi. Huu unataka msasa wa maji."

"Piga msasa basi, kaka yangu! Unangoja nini? Mimi kinyozi, wateja wananisubiri saluni."

"Taratibu." Fundi akabandika mlangoni kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, akakisoma, akaguna. "Rangi hapa imekonda. Pameshasuguliwa hapa, tena si mara moja. Wewe kinyozi, mtu akikuletea utosi ulioanza upara, unauparamia?"

"Aliyetuuzia!" Kinyozi akajipiga paja. "Nilijua tu! Jamaa alikuwa anatabasamu mno. Kumbe kaficha madhambi yake!"

Fundi akakohoa. Dada yake akainamia chai.

Basi fundi akalowesha msasa, akaanza kusugua kwa vidole viwili, polepole, kama anayemfuta mtoto machozi. Anasugua, anamwagia maji, anapima. Anasugua, anapima. Sehemu yote ikafifia, ikawa na ukungu, mbaya kuliko mwanzo. Kinyozi akaanza kuuona ule mlima, na yeye yuko chini yake.

Fundi alipowasha mashine tena, simu ikaita. Mkewe.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Saluni, mke wangu. Nanyoa."

"Mbona mashine inaunguruma hivyo?"

"Mteja ana nywele ngumu."

"Na gari?"

"Halijambo. Linakusalimu."

Alipokata simu, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Lakini ukungu ulikuwa umeondoka. Weusi umerudi, mzito, unameta, na ndani yake kinyozi aliuona uso wake mwenyewe, mdomo wazi. Akapitisha ukucha. Ukateleza kama juu ya barafu. Akacheza kidogo, magoti na yote.

Fundi akaufungua mlango, akikiinua kitasa kwanza ndipo akavuta, kama mlango ule unavyotaka, akafuta kingo zake. "Ila nakwambia, hapa hapaguswi tena na msasa. Mkwaruzo mwingine, ni kupaka rangi upya."

"Utoke wapi mwingine? Tunaoliendesha ni wawili tu. Mimi nimeshapata akili, na mwenzangu anaendesha kama kabeba mayai."

Akaenda mezani, mkono mfukoni. Yule dada alikuwa ameshatazama namba ya gari, akachomoa kadi kwenye kijisanduku, akapiga muhuri, pa!

"Rudisha pochi yako, kaka. Gari likifika mara ya tano, kazi ni bure."

"Ya tano? Dada, mimi hapa sijawahi kukanyaga."

Yule dada akaitazama kadi, akaitazama namba ya gari, akaitazama kadi tena. Kisha, bila kutaja jina la mtu, akaisukuma mbele ya kinyozi.

Namba ilikuwa yao. Kando ya muhuri mbichi wa leo palikuwa na mingine minne, kila mmoja na tarehe yake, na ule wa kwanza ulikuwa wa siku ya tatu tangu walinunue gari.