Babu wa Matofali

Watu wawili walikuwa wanagombea babu mmoja, na babu mwenyewe alikufa miaka mia sita iliyopita.

Yote yaliletwa na mvua. Kona ya Mnara wa Ngoma ilimeguka Ijumaa, matofali yakamwagika mpaka mlangoni kwa muuza tambi, na kila tofali lilikuwa limechapwa muhuri wa mfyatuaji wake: Tong Ajiu. Jumatatu, ofisi ya majengo ya kale ikabandika tangazo. Anayetoka ukoo wa Tong Ajiu afike mnarani kesho saa tatu asubuhi, na ushahidi.

Tong Delin, kinyozi, alilisoma mara tatu, nusura alie. Babu yake aliingia mji huu akisukuma mkokoteni, mwaka wa njaa, na mpaka leo Delin aliitwa mtu wa kuja. Yule mtu wa kuja ananyoa vizuri. Yule mtu wa kuja kafiwa na mkewe, maskini. Sasa ana miaka sabini na moja, na alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: naye aitwe mwenyeji.

Basi akafungua kitabu cha ukoo wake, akachovya brashi, akamwandika Tong Ajiu juu kabisa.

Jumanne mtaa mzima ulijaa chini ya mnara. Bi Xiulan, muuza tofu, alikuwa kashatangulia. Naye ni Tong, ila wa hapa hapa tangu jadi.

"We Delin, huna haya? Umekuja kuniibia babu?"

"Babu haibiwi, dada. Ana wajukuu wengi, na wengine tulijaliwa sura."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Lei, afisa mnene mwenye miwani, akakipokea kitabu, akakifunua, akakinusa.

"Mbona wino unanukia?"

"Tumekitunza, Bwana Afisa."

"Na ninyi ni wa hapa?"

"Wa wapi tena? Wazee wangu wote wamezaliwa kwenye kivuli cha mnara huu. Ukinikata mshipa, litatoka vumbi la tofali."

Afisa akayaandika yote. "Una hakika, mzee? Nikishaandika sifuti."

"Andika, baba. Andika kwa herufi kubwa."

Ikaja zamu ya Bi Xiulan. Akatoa kibao cha mababu, cheusi tii kwa moshi wa ubani, na jina la Tong Ajiu limechongwa katikati. Delin akakitazama kibao. Hapo hapakuwa na ubishi. Kile kilikuwa kitu cha kweli, na chake kilikuwa cha jana mchana.

Afisa akainama, akachomoa karatasi mkobani. Bi Xiulan, mdadisi kama alivyozaliwa, akachungulia begani kwake. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Kisha akakifunga kibao ndani ya aproni, upesi.

"Huyu wangu ni Ajiu mwingine," akasema. "Alikuwa anauza bata."

"Si umesema sasa hivi—"

"Nimezeeka, Bwana Afisa, nachanganya mambo. Babu ni wa Mzee Delin. Wake kabisa! Hebu mwangalieni masikio."

Mtaa ukamwangalia masikio, ukakubali. Delin alilia mbele za watu wote bila kuona aibu. Muuza tambi akamkumbatia, akamwita mwenyeji wetu, na wanawake waliomsengenya miaka arobaini wakapanga foleni kumshika mkono. Hata Bi Xiulan alimpiga piga mgongoni, tena kwa huruma.

Delin akachovya kidole gumba kwenye wino mwekundu, akakikandamiza kwenye karatasi ile, pale alipoonyeshwa.

Afisa akaipuliza alama ikauke, kisha akasoma kwa sauti amri ya mnara, iliyoandikwa mwaka mnara ulipojengwa na ambayo hakuna aliyewahi kuifuta: ukuta ukibomoka, mwenye jina kwenye tofali, au kizazi chake, atafyatua mengine kwa mikono yake mwenyewe.

"Elfu nne na mia sita, mzee," akasema, akimkabidhi kalibu ya kufyatulia. "Udongo uko nyuma ya mnara."