Viatu vya Bi Mwanakheri

Asubuhi ile Bi Mwanakheri alimaliza eda. Miezi minne na siku kumi hakuvuka kizingiti, na kaburi la mumewe alikuwa hajaliona bado. Alikoga, akavaa buibui, akatoa viatu vipya alivyonunuliwa na dada yake kwa siku hiyo. Basi ndiyo kwanza anaingiza mguu, akasikia kipaza sauti cha mjumbe Shomvi njiani: homa ngeni imeingia mjini, serikali imeamuru kila mtu abaki ndani, kuanzia sasa.

"Hata mimi, Shomvi?" aliuliza dirishani. "Leo ndiyo natoka!"

Mjumbe akashusha kipaza sauti, na leso aliyojifunga mdomoni ikashuka nacho. "Hata wewe, mama. Hata mimi, nikimaliza mtaa huu." Akasita. "Nikwambie kweli, naogopa. Sijawahi kushinda ndani hata siku mbili. Wewe uliwezaje?"

Bi Mwanakheri akacheka, ingawa machozi yalimlengalenga. "Leo utalishika komeo mara kumi, mwanangu. Kesho mara tisa."

Akakivua kile kiatu kimoja. Akaviweka vyote viwili nyuma ya mlango, ncha zikitazama nje.